Kagua Sehemu ya Mbele ya Gari Kabla ya Kulipia Alainimenti

Mashine ya alainimenti (kazi ya kuweka magurudumu yakae na kuelekea sawa) hupima pembe za magurudumu gari likiwa limesimama. Haina namna ya kujua kwamba bolijointi ya kushoto, kiungo cha tufe kinacholiwezesha gurudumu kupinda na kupanda, imekwisha. Kiungo kilicholegea huwa kimelala upande mmoja hapo juu ya mashine, kompyuta inaonyesha namba za kijani, mteja analipa na kuondoka. Akikanyaga shimo la kwanza, kiungo kinahamia upande wa pili na zile namba hazina maana tena. Baada ya wiki mbili gari linavuta, tairi inaliwa ukingoni, na lawama zote zinaiendea mashine.

Kwa hiyo ukaguzi ndio kazi yenyewe, na mashine inamalizia tu. Ukiwa na msaidizi mmoja na uwanja tambarare, kazi hii ni ya saa moja hivi. Andaa jeki, stendi mbili imara, mawe au kabari za kuzuia magurudumu ya nyuma, mtaimbo wa karibu sentimita 60, tochi, tepu ya kupimia, kipimo cha presha na chaki.

Pembe tatu, na ile moja unayoweza kurekebisha

Kemba ni jinsi gurudumu linavyoegemea ndani au nje ukilitazama kutoka mbele. Kasta ni mwinamo wa mhimili wa usukani ukiutazama kutoka ubavuni. Tou ni kama tairi mbili za mbele zimeelekeana kidogo au zimeachana kidogo ukizitazama kutoka juu.

Kwenye gari ndogo zilizojaa Nairobi, kama Vitz, Axio, Fielder, Probox au Demio, kiwanda kiliacha kitu kimoja tu cha kurekebisha mbele, nacho ni tou, kwa kuzungusha tairodi, fimbo inayounganisha usukani na gurudumu. Kemba na kasta hazina boliti ya kurekebishia. Kemba ikiwa nje ya kipimo kwenye gari kama hilo, tafuta kilichopinda, kilicholegea au kilichobadilishwa kimo. Fundi akikwambia "nimekuwekea kemba sawa" kwenye Vitz, muulize ameirekebishia wapi. Njia halali zipo, kama boliti maalumu nyembamba kidogo za kufungia shokabsoba, lakini akuonyeshe. Kutoboa tundu la boliti liwe refu, au kupinda shokabsoba kwa mnyororo, si marekebisho.

Subaru Forester na Impreza zina boliti ya juu ya shokabsoba iliyotengenezwa kwa kurekebisha kemba. Hilux na Prado zina boliti za kurekebishia kwenye amu ya chini, ule mkono wa chuma unaolishikilia gurudumu kwenye gari. Hizo zina shida yake, tutaifikia.

Anza na tairi, gari likiwa chini

Tafuta mahali palipo sawa: sakafu ya saruji au uwanja wa kituo cha mafuta. Murram hapana. Toa mizigo iliyosahaulika kwenye buti; gari la dukani lenye magunia nyuma hukaa tofauti kabisa na gari tupu.

Pima presha tairi zikiwa baridi, uzilinganishe na karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Usifuate namba iliyoandikwa kwenye tairi yenyewe, hiyo ni kikomo cha juu. Tofauti ya psi 5 kati ya tairi mbili za mbele inatosha kulifanya gari livute bila kasoro nyingine yoyote. Vilevile hakikisha tairi mbili za mbele ni za ukubwa mmoja na, ikiwezekana, chapa moja. Tairi ya mtumba kushoto na mpya kulia ni mwanzo wa malalamiko.

Sasa soma ulaji wa tairi. Kingo zote mbili zikiliwa, gari limekuwa likiendeshwa na upepo mdogo. Katikati ikiliwa, upepo ulizidi. Ukingo mmoja peke yake unaelekeza kwenye kemba au tou. Kisha pitisha kiganja juu ya tairi kutoka nje kwenda ndani, halafu kutoka ndani kwenda nje. Ukihisi ni laini upande mmoja lakini inakwaruza kama msasa ukirudi, hiyo ni tou. Tairi yenye mabonde mabonde kuzunguka mzingo wake inakutuma kwenye shokabsoba au balansi (usawa wa uzito wa gurudumu). Andika unachokiona kabla ya kubadilisha tairi, kwa sababu ukishaiuza umetupa ushahidi.

Tairi nayo inaweza kuvuta gari kutokana na ilivyotengenezwa. Kama gari linavuta kulia, badilishana tairi za mbele, ya kushoto ije kulia. Likianza kuvuta kushoto, tatizo ni tairi, na alainimenti haitakusaidia. Tairi zenye mshale wa mwelekeo hazibadilishwi hivyo bila kuvuliwa kwenye rimu.

Pia usisahau kwamba huku tunaendesha kushoto na barabara zetu zimeinuliwa katikati ili maji yateremke. Gari kuelea taratibu kwenda kushoto ukiachia usukani si kasoro. Lijaribu kwenye sehemu tambarare kabla ya kulihukumu.

Kimo, na habari ya spesa

Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kushoto na kulia. Tofauti ikikaribia sentimita moja au kuzidi, chunguza: springi iliyovunjika mzunguko wa chini (hujificha ndani ya kikombe chake, safisha matope utazame kwa tochi), springi iliyolala kwa uzee, au spesa zisizolingana.

Magari mengi Nairobi yameinuliwa kwa spesa, vipande vya kuongeza kimo, kwa sababu ya matuta na mashimo. Hakuna ubaya ikifanywa kwa kiasi, lakini ukiinua gari lenye shokabsoba za kusimama, kemba na tou zote hubadilika. Kwa hiyo alainimenti ni lazima baada ya spesa, na haifai kufanywa kabla. Kagua kwamba spesa za kushoto na kulia ni za unene mmoja, kwamba nati za juu ya maunti (kishikio cha juu cha shokabsoba) zimeshika nyuzi zote, na kwamba zile za mpira zinazopachikwa katikati ya springi hazijateleza. Hizi za katikati ya springi hatuzipendi kabisa kwenye magurudumu ya mbele. Hufanya springi ifanye kazi isivyo sawa, na ikichomoka moja tu, kimo cha upande huo kinashuka na vipimo vyote vinakwenda nacho.

Kutikisa usukani: kipimo kinachofichua mengi

Hiki hufanywa magurudumu yakiwa ardhini, gari likiwa juu ya shimo la gereji au hoisti ambayo gari husimama juu yake kwa magurudumu, ili viungo vibebe uzito wao wa kawaida. Breki ya mkono ivutwe, gia iwe kwenye P. Washa injini ili usukani usaidiwe na umeme au pampu. Msaidizi azungushe usukani kushoto na kulia kidogo tu, kama robo ya kiganja kila upande, harakaharaka na bila kukoma.

Wewe ukiwa chini, weka kidole katikati ya kiungo, nusu ya kidole juu ya tairodi endi (kiungo cha mwisho wa tairodi) na nusu juu ya mkono wa nakoli, chuma kinachobeba gurudumu, inapofungwa. Vipande viwili vya kiungo kizima vinakwenda pamoja. Kilichokufa unakihisi kidoleni kabla jicho halijaona: sehemu moja inaanza kwenda, inapita kitambo kidogo sana, ndipo ya pili inafuata kwa mgongano mdogo. Ukikihisi, hakuna mjadala, badilisha.

Rudia kwenye rekiendi, kiungo cha ndani cha tairodi kwenye reki (chuma kirefu cha usukani kinachosukuma tairodi), ile iliyofichwa ndani ya buti, yaani kifuniko cha mpira. Bonyeza buti kwa vidole hadi ushike kiungo, kisha msaidizi atikise. Buti ikiwa imechanika, ichukulie rekiendi kuwa na mashaka hata kama haijaanza kucheza. Vumbi la huku likichanganyika na grisi husaga chuma polepole, na maji ya mvua hufika hadi kwenye reki yenyewe. Kisha tazama reki nzima: je, inasogea upande hadi upande kwenye bodi? Hizo ni bushi za reki, mipira inayoishikilia. Ni za bei ndogo lakini hazikumbukwi, na zikiwa zimekwisha usukani hautakaa katikati hata tou ikiwekwa mara kumi.

Juu, fungua boneti, uweke mkono kwenye springi wakati usukani unazungushwa polepole hadi mwisho. Springi ikijikunja halafu ikaruka kwa mlio, beringi ya maunti imekwama. Gari la namna hiyo usukani wake haurudi vizuri baada ya kona, na mafundi wengi hukimbilia kulaumu kasta.

Inua gurudumu, lakini kwa mahali sahihi

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuwa mahali unapoweka jeki ndipo panapoamua kama bolijointi itaonyesha ugonjwa wake au itauficha.

Kwenye gari lenye shokabsoba ya kusimama iliyobeba springi, bolijointi ya chini haibebi uzito. Weka jeki chini ya chesi au fremu ndogo ya mbele, gurudumu lining'inie. Kwenye gari lenye amu mbili, ambalo springi yake imekaa juu ya amu ya chini kama Hilux na Prado za kisasa, bolijointi ya chini ndiyo inayobeba uzito. Hapo weka jeki chini ya amu ya chini, karibu na gurudumu kadiri uwezavyo. Ukiinua chesi badala yake, springi itaibana bolijointi kwa nguvu na itaonekana nzima wakati imekwisha. Kanuni ni kutafuta amu inayosukumwa na springi au fimbo ya msokoto, kisha kuuondoa mzigo huo kwenye bolijointi yake.

Weka stendi kila mara. Jeki ni ya kuinulia, haijaumbwa kukulinda.

Shika tairi juu na chini kabisa, usukume na kuvuta. Kisha shika kushoto na kulia. Ikicheza kushoto na kulia tu, rudi kwenye tairodi na rekiendi. Ikicheza juu na chini, inaweza kuwa beringi au bolijointi. Kuzitenganisha, msaidizi akanyage breki kwa nguvu huku ukiendelea kutikisa: mchezo ukitoweka, ni beringi ya gurudumu, kwa kuwa breki imeshikanisha habu (kitovu cha gurudumu) na nakoli. Ukibaki, ni bolijointi au bushi. Beringi pia hujitangaza barabarani kwa uvumi unaopanda na mwendo. Ukipinda kushoto uvumi ukaongezeka, shuku beringi ya kulia, kwa kuwa ndiyo iliyobebeshwa uzito.

Ingiza mtaimbo chini ya tairi na uinue polepole huku mwenzako akitazama bolijointi kwa tochi. Kisha uingize kati ya amu na nakoli, utenganishe kwa nguvu ya wastani. Kwenye gari ndogo bolijointi isiyobeba uzito haitakiwi kucheza kabisa. Ile inayobeba uzito kwenye gari kubwa huruhusiwa mchezo mdogo uliotajwa kwenye kitabu cha gari hilo. Tumia kipimo cha kitabu, usikisie. Kwa vyovyote, buti iliyochanika na grisi iliyorushwa upande wa ndani wa rimu ni hukumu tosha.

Kabla ya kushusha, zungusha gurudumu kwa mkono. Weka bisibisi iliyotulia juu ya jiwe, ncha yake karibu na ukingo wa rimu, utazame kama nafasi inabadilika. Rimu za mashimo ya Nairobi hupinda zaidi upande wa ndani, usikoonekana. Gurudumu likiwa zito kuzunguka gia ikiwa N, shuku kaliper (kibanio cha breki) iliyokwama, na gari litavuta upande huo hata pembe ziwe za kiwandani.

Bushi za amu ya chini

Kama ni lazima ukague kitu kimoja tu kwa makini, iwe bushi hizi. Gari ndogo nyingi zina amu yenye umbo la L: bushi ndogo mbele na kubwa nyuma. Ile ya nyuma ndiyo inayozuia gurudumu lisirudi nyuma unapofunga breki. Ikichanika, gari huyumba ukikanyaga breki, hutoa mlio mzito wa "ndu" ukiondoka au ukirudi nyuma, na kasta hubadilika kila unapogusa breki. Hakuna mashine itakayoona hilo gari likiwa limetulia.

Isukume amu kwa mtaimbo, mbele na nyuma, tazama mpira. Nyufa ndogo za juujuu kwa sababu ya uzee ni kawaida. Ufa unaofunguka ukisukuma, mpira uliotengana na chuma cha katikati, au chuma hicho kukaa pembeni badala ya katikati, ni kubadilisha. Alama nyingine ni mng'ao safi au unga wa kutu kuzunguka kichwa cha boliti: kitu kinasogea pasipotakiwa kusogea.

Ukibadilisha bushi kwa presi, angalia alama ya mwelekeo kwenye bushi kabla ya kuisukuma ndani. Nyingi zina upande mmoja wenye nafasi wazi na zikigeuzwa hazifanyi kazi yake. Halafu jambo linaloua bushi mpya kila siku ni fundi kukaza boliti za amu gari likiwa bado limening'inia. Mpira unafungwa ukiwa umejipinda, gari linashushwa, na tangu siku hiyo bushi inaishi imenyongwa. Itachanika baada ya miezi michache na mteja ataambiwa spea ilikuwa feki. Funga boliti kwa mkono tu, shusha gari chini, lisukume mbele na nyuma, lidundishe mara kadhaa, ndipo ukaze kwa nguvu kamili.

Kuhusu spea, Kirinyaga Road na Grogan jijini Nairobi utapata kila kitu, kipya na cha mtumba cha Japani. Amu nzima ya mtumba inaweza kufaa kwa chuma chake. Mpira wake na bolijointi yake vina umri wa gari lilikotoka, kwa hiyo hesabu bei ya kuviweka vipya kabla ya kufurahia punguzo.

Kelele zisizohusu alainimenti

Stabilaiza linki (fimbo fupi za mfumo unaozuia gari kulala konani) zikiisha hugonga kwenye kila tuta, kokoko, na mwenye gari huamini mbele yote imekufa. Zibadilishe kwa ajili ya usalama na utulivu wa gari konani, ila hazibadilishi pembe yoyote. Kadhalika usukani kutetemeka ukifika kilomita 80 hadi 100 kwa saa: hiyo ni balansi au rimu. Madukani huuzwa pamoja na alainimenti, kwa hiyo watu hudhani ni kitu kimoja.

Shokabsoba inayovuja ni tofauti. Haibadilishi pembe moja kwa moja, lakini kuibadilisha kwenye gari nyingi hulazimu kufungua boliti mbili zinazoshika nakoli, na kemba husogea. Ibadilishe kabla. Ukiibadilisha baada ya alainimenti, umelipa mara mbili.

Tayarisha nyuzi

Siku moja au mbili kabla, safisha kwa brashi ya waya nyuzi za tairodi na loki nati (nati inayoifunga tairodi isizunguke), nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu. Kwenye Hilux na Prado fanya hivyo pia kwenye boliti za kurekebishia za amu ya chini. Hizo hushikana na chuma cha ndani ya bushi, na mara nyingi fundi wa mashine akiona hazizunguki huweka tou tu na kukaa kimya. Zikikataa kabisa, hukatwa, na boliti na bushi mpya hutafutwa kabla ya siku ya mashine.

Ukibadilisha tairodi endi, weka alama ya chaki na uhesabu mizunguko wakati wa kuitoa, kisha uirudishe kwa hesabu hiyohiyo ili gari liweze kufika kwenye alainimenti bila kula tairi njiani. Nati yenye mataji hukazwa kwa kipimo chake. Tundu la pini lisipolingana, endelea kukaza hadi lilingane, usirudishe nyuma. Pini iwe mpya. Nati za magurudumu kwenye Toyota nyingi ndogo ni Nm 103, na zikazwe kwa mshazari.

Mbele ya mashine

Mwambie fundi ulichobadilisha na kama gari lina spesa. Aanze kwa kuchagua modeli sahihi kwenye kompyuta, afunge usukani ukiwa katikati, na asome magurudumu yote manne. Hata kama nyuma ni ekseli isiyorekebishika, ikiwa imekaa mshazari usukani utapinda gari likienda moja kwa moja. Penye marekebisho ya nyuma, nyuma hutangulia. Mbele hufuata kasta, kemba, na tou mwisho.

Wakati wa kuzungusha tairodi, klipu ya buti ya reki ilegezwe, la sivyo buti inajisokota na kuchanika. Gari lenye mfumo wa kudhibiti kuteleza huenda likahitaji sensa ya usukani isetiwe upya, na taa ikiwaka kwenye dashibodi usikubali kuambiwa itazima yenyewe. Dai karatasi yenye vipimo vya kabla na baada, pande zote mbili.

Kisha, gari likiwa bado juu, chuchumaa na tochi: loki nati zote mbili zimekazwa, buti hazijasokotwa, klipu zimerudi, na nyuzi zinazoonekana kwenye tairodi ya kushoto na ya kulia zinakaribiana kwa idadi. Zikitofautiana sana, ama usukani ulifungwa pasipo katikati, ama kuna kitu kimepinda upande mmoja ambacho bado hakijapatikana.